KWA NINI BASI HALIJI, HALAFU YANAKUJA MATATU PAMOJA



Katika mikutano ya chama neno linalorudi mara nyingi, baada ya neno la mshahara, ni neno la usafiri. Mfanyakazi anaamka saa kumi na moja ya alfajiri, anasimama kando ya njia, anangoja, gari haliji. Akifika kiwandani lango limefungwa na karani ameandika jina lake katika daftari la wachelewaji. Mwisho wa mwezi pesa zimekatwa. Msimamizi anamwambia, "Wewe ni mvivu." Naye aliamka kabla ya msimamizi.

Tumeona ni vizuri tueleze jambo hili kwa taratibu, maana wengi wetu tunalizungumza kwa hasira tu, na hasira haituonyeshi mahali pa kushika. Wengine wanasema kosa ni la dereva. Wengine wanasema ni la kondakta, ni la barabara, ni la serikali. Sisi tunasema kwamba kuna sababu zinazojulikana, zinahesabika kwa kalamu na karatasi, na mfanyakazi akizielewa atajua la kudai na wa kumdai.

KWANZA TUFANYE HESABU

Chukua njia moja ya mjini. Mabasi sita yanapita kila saa, yamepangwa vizuri, moja kila baada ya dakika 10. Mtu akifika kituoni wakati wowote, kwa wastani atangoja dakika 5. Sasa chukua mabasi hayo hayo sita, lakini yanakuja mawili mawili kila baada ya dakika 20. Wastani wa kungoja umekuwa dakika 10. Yakija matatu matatu kila nusu saa, wastani ni dakika 15. Mabasi hayakupungua hata moja, mafuta yaliyochomwa ni yale yale, madereva ni wale wale. Lakini wewe umengoja mara tatu zaidi. Na basi la kwanza katika kundi limejaa mpaka mlangoni, huku la tatu linapita na viti vitupu.

Basi, kwa nini yanafuatana? Hapa watu wengi wanakosea. Wanadhani madereva wamekaa mahali wakipiga soga, halafu wameondoka pamoja. Hata kama madereva wote ni watu wema na wote wameondoka kwa saa iliyopangwa, mabasi yatakusanyika yenyewe yasiposimamiwa. Tutazame.

Tuseme katika kila kituo wanafika abiria 2 kila dakika, na kila abiria anachukua sekunde 3 kupanda. Basi linalokuja baada ya dakika 10 litakuta watu 20, litasimama dakika 1. Hiyo ndiyo ratiba. Sasa basi moja limechelewa dakika 2 tu, labda kwa sababu ya ng'ombe njiani, au askari amelisimamisha, au mama mmoja ana gunia la muhogo. Kituo kinachofuata halikuti watu 20, linakuta 24. Linasimama sekunde 12 zaidi. Sasa limechelewa zaidi ya dakika 2, kwa hiyo kituo cha mbele watu wameongezeka tena, na linasimama zaidi tena. Ucheleweshaji unazaa ucheleweshaji, kama deni la dukani linalozaa riba.

Na basi la nyuma yake? Hilo linakuta watu wachache, kwa sababu basi la mbele limekwisha kuwachukua. Linasimama kidogo, linakwenda haraka. La mbele linazidi kuchelewa, la nyuma linazidi kuwahi. Tumeifanya hesabu hii kituo kwa kituo, na kufikia kituo cha kumi hivi basi la nyuma limemfikia mwenzake. Yamekuwa mawili pamoja. Chanzo chake kilikuwa dakika 2 tu.

Jambo hili si siri. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Newell na Potts, waliliandika kwa hesabu, wakaonyesha kwamba ratiba ya basi ni kitu kisichosimama chenyewe. Ni kama mti mwembamba uliosimamishwa juu ya kiganja: usipousawazisha kila mara, utaanguka. Ndiyo maana ugonjwa huu uko London na Chicago vilevile, ambako barabara ni nzuri na madereva wana sare.

DAWA YAKE NI NINI

Dawa ya kwanza ni kufupisha muda wa kupanda. Basi lenye mlango mmoja, ambapo kila abiria anatafuta noti mfukoni na kondakta hana chenji, ni basi la kuchelewa. Katika mabasi ya London pesa taslimu zilikatazwa mwezi wa Julai 2014, watu wanagusa kadi tu na kuingia.

Dawa ya pili ni kumpa dereva nafasi ya kupumua mwisho wa njia. Akifika amechelewa dakika 5, na ratiba inampa dakika 8 za kupumzika, ataondoka kwa wakati. Ikiwa ratiba haimpi hata dakika moja, safari inayofuata imechelewa kabla haijaanza.

Dawa ya tatu ndiyo kubwa. Awepo mtu anayetazama njia nzima na kusawazisha nafasi kati ya gari na gari. Basi likikaribia mno lile la mbele, aliambie lisimame kidogo. Huko London abiria wanasikia sauti ndani ya basi ikiwaambia kwamba basi litangoja kidogo ili kusawazisha huduma. Wananung'unika, maana kila mmoja ana haraka. Lakini dakika moja ya mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti ndiyo inayomwokoa mtu wa kituo cha mbali asingoje nusu saa.

Sasa ndugu, tulieni hapa, maana ndipo mambo ya chama yanapoingia. Ni dereva gani anayeweza kusimama na kungoja? Ni yule ambaye mshahara wake uko pale pale, asimame au asisimame. Dereva ambaye chakula cha watoto wake ni abiria wa kituo kijacho hawezi kungoja. Ukimwambia angoje unamwambia alale njaa.

MFANO WA DAR ES SALAAM

Tutazame wenzetu wa Tanzania, maana historia yao inatufundisha. Mwaka 1974 mjini Dar es Salaam liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lililochukua kazi ya mabasi ya mjini kutoka kampuni ya zamani ya DMT. Dereva wa UDA alikuwa mfanyakazi wa shirika, mwenye mshahara. Lakini mji ulikua haraka kuliko mabasi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Vipuri vilinunuliwa kwa pesa za kigeni, na pesa za kigeni hazikuwapo. Nauli iliwekwa chini ili mfanyakazi aimudu, lakini hiyo nauli haikutosha kutengeneza magari. Mabasi yakawa yanalala gereji, watu wakawa wananing'inia milangoni. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kujificha, mpaka serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983. Ndiyo daladala, jina lililotokana na dola, kama watu walivyoita sarafu ya shilingi tano, nauli ya wakati huo.

Daladala zilileta magari. Hilo tusilikatae, watu walipata kupanda. Lakini zilileta pia mpango wa hesabu. Mwenye gari anamkabidhi dereva gari asubuhi na kumwambia: jioni nataka kiasi hiki. Mafuta juu yako, faini juu yako. Kinachobaki ni chako na kondakta wako. Kisipobaki, shauri yako. Mkataba hakuna, likizo hakuna, matibabu hakuna.

Mpango huu unafanya nini barabarani? Asubuhi kituo cha kwanza gari haliondoki mpaka lijae, maana kuondoka na viti vitupu ni hasara. Likikwisha kujaa linakimbia, maana dereva anahesabu safari. Likimwona mwenzake mbele linamkimbiza ili limnyang'anye abiria. Saa za mchana, watu wakiwa wachache, linatambaa na kunyemelea kila kona. Saa za usiku, mafuta yakiwa hayarudishi faida, linakwenda kulala na kuwaacha wafanyakazi wa zamu ya usiku barabarani. Ule ugonjwa wa kufuatana, ambao hata katika mpango mzuri unatokea, hapa unalishwa na kunenepeshwa. Kila gari ni duka lake. Nani atasawazisha maduka mia yanayoshindana?

Wanaoendesha magari hayo hawakunyamaza. Madereva na makondakta wa daladala waliunda umoja wao, UWAMADAR, wakashirikiana na chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, COTWU, na dai lao kubwa likawa mkataba wa maandishi. Mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Mei 2015 madereva wa mabasi Tanzania waligoma. Walikataa sharti la kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapotaka leseni mpya, na wakataka mikataba ya ajira. Abiria wengi siku ile waliwalaani. Laiti wangejua kwamba dai lile la mkataba lilikuwa dai lao pia!

Mwezi wa Mei 2016 Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendo wa haraka kutoka Kimara mpaka Kivukoni, njia ya kilomita kama 21 pamoja na matawi yake, kwa mabasi 140. Yana njia yao peke yao, abiria analipa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Safari iliyokuwa ya mateso ikawa fupi. Lakini njia nzuri bila magari ya kutosha si dawa. Karakana ilijengwa katika bonde la Jangwani, bonde linalofurika, na mwaka 2018 maji yakaingia na kuharibu mabasi. Mabasi mazima yakapungua, na abiria wakajazana vituoni wakitazama njia tupu.

NA KAMPALA NA NAIROBI

Nyumbani kwetu Uganda ndugu zetu wengi wa West Nile wako Kampala na Jinja. Tangu wakati wa Waingereza watu wetu walishuka kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, na watoto wao sasa wako katika viwanda vya Nakawa na Namanve. Wanapanda teksi za watu 14. Utaratibu ni ule ule: teksi inangoja ijae ndani ya paki, dereva anampelekea mwenye gari pesa ya siku. Mwaka 2012 kampuni moja ilileta mabasi makubwa 100 ya rangi ya machungwa. Watu walifurahi. Mwishoni mwa mwaka 2013 mabasi yale yakakamatwa kwa deni la kodi, na abiria wakarudi kwenye teksi.

Kenya nayo, matatu zilianza kwa kujificha, zikaruhusiwa mwaka 1973. Mwaka 2004 zilianza kutumika kanuni kali za Waziri Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, sare, na kwamba dereva na kondakta waajiriwe ajira ya kudumu. Wenye magari walifunga mikanda na kununua sare. Lile la ajira ya kudumu ndilo lililosahauliwa haraka, na magari mengi yakaendelea na hesabu ya siku. Tunajifunza nini? Sheria inayogusa chuma inafuatwa kwa muda, bali sheria inayogusa mfuko wa mwenye mali haifuatwi kama hakuna chama cha kuisimamia.

SISI WA HUKU ARUA NA KOBOKO

Labda msomaji atauliza, "Haya ya mijini yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Arua ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba imewekwa lami, watu wanaongezeka, viwanda vidogo na maghala yanaongezeka. Lakini usafiri wetu wa kila siku ni bodaboda, teksi na magari madogo yanayongoja yajae. Ratiba hakuna.

Fikiria mfanyakazi anayekaa Kuluva, kilomita kama 11 hivi kutoka Arua kwenye barabara ya Nebbi. Gari linalotoka mbali limejaa huko huko lilikotoka, ndiyo maana limeondoka. Likifika Kuluva linapita tu, limewajaza watu hata dirisha haliwezi kufunguliwa. Huo ndio ubaya wa mpango wa kujaza ambao watu wa kituo cha kwanza hawauoni: unawahudumia walioko mwanzo na mwisho wa njia, na kuwasahau walioko katikati. Na katikati ndipo wanapokaa wengi wetu, kwa sababu kodi ya nyumba mjini hatuiwezi. Yule wa Kuluva atapanda bodaboda, akiwa na bahati wakapakiwa wawili, naye atalipa zaidi, na akianguka hakuna wa kumlipa.

Tena tusisahau kwamba wakubwa wanaopanga saa za kuingia kazini wana magari yao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

NINI CHA KUDAI

Katika mifano yote tuliyotaja utaona kila mahali kilikosekana kitu kimoja. UDA ilikuwa na mshahara lakini haikuwa na magari. Daladala zilikuwa na magari lakini hazikuwa na mshahara. Kimara ilipata njia lakini mabasi yakapungua. Kiti cha miguu mitatu hakisimami kwa miguu miwili. Usafiri unataka magari ya kutosha yanayotengenezwa, unataka dereva mwenye mshahara, na unataka msimamizi mmoja wa kusawazisha nafasi. Ukikosa mmoja, umeanguka.

Kwa hiyo sisi tunaona madai ya wafanyakazi yawe haya.

Kwanza, kwa mwajiri. Pale ambapo wafanyakazi wengi wanatoka upande mmoja, kampuni ikodishe gari lenye saa maalumu, na jambo hilo liandikwe katika makubaliano ya chama na mwajiri, lisiwe fadhila ya meneja. Zamu ya usiku isitolewe mpaka usafiri wa kurudi uwepo. Na kabla ya kumwandika mtu mchelewaji, itazamwe kama wenzake wa njia ile ile wamechelewa siku ile ile. Watu kumi wa njia moja hawawi wavivu kwa pamoja.

Pili, kwa jiji na wilaya. Jiji changa lina nafasi ambayo Kampala imeipoteza: linaweza kupanga kabla desturi mbaya haijaota mizizi. Liweke saa za kuondoka asubuhi katika njia kubwa, hata kama ni chache, gari liondoke saa yake ikifika, limejaa au halijajaa. Mwanzoni mwenye gari atalalamika kwa viti vitupu, nasi tukubali kwamba ana mkopo wa benki na bei ya mafuta. Lakini abiria wa katikati, kama wale wa Kuluva, ndio watakaovijaza viti hivyo wakijua kwamba gari lina saa yake. Kwa siku za mwanzo jiji lisimame naye, limpunguzie ada za stegi.

Tatu, kwa madereva wenyewe. Ndugu madereva, ninyi si adui wa abiria. Ninyi ni wafanyakazi kama sisi, ila mmefichwa nyuma ya neno "hesabu" msijijue. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na inaweka saa 48 kuwa kipimo cha kazi kwa wiki. Dereva wa hesabu anazimaliza kabla wiki haijaisha, kwa kuwa akishuka mapema hesabu haitimii. Ingieni katika chama cha wafanyakazi wa usafirishaji. Dai mshahara ulioandikwa. Siku mtakapoupata, mtaweza kusimama kituoni dakika mbili kumngoja mzee mwenye fimbo, bila kuogopa.

Nne, kwetu sisi abiria. Tusimpige kondakta kwa kosa la mpango. Tuwe na nauli mkononi kabla ya kupanda, maana tumekwisha kuona sekunde 3 za kila mtu zinavyokuwa dakika za wote. Na katika kila tawi tuchague mtu mmoja aandike, kwa mwezi mmoja, saa aliyofika kando ya njia, saa gari lilipokuja, na magari mangapi yalipita yamejaa. Daftari la karani wa lango linaandika upande mmoja tu wa habari, nalo ndilo linaloletwa mezani kila siku ya mazungumzo. Safari hii nasi tulete letu, tuyaweke mawili pamoja, meneja asome.